Ringi za kaboni za mtumba: "Kaka, hii siyo embe"

Naandika bado nina hasira, mtanivumilia.

Msimu uliopita wa korosho, sikumbuki ni mnada wa pili au wa tatu, hela imeingia, nikasikia kuna kijana hapa Mtwara mjini kashusha ringi za kaboni (siyo chuma, ni nyuzi nyepesi zilizogandishwa kwa gundi) za baiskeli za mbio, zimetumika Ulaya, zina spoki na habu zake. Jozi laki nne na nusu! Nikaenda mbio.

Nikataka kuzizungusha, akazirudisha juu kwenye msumari. Nikapitisha kidole pale breki inapobana, natafuta uvimbe, maana kaboni ikipata joto la breki kwenye miteremko mirefu huvimba. Akanipayukia mbele za watu: "Kaka, hii siyo embe, haibonyezwi. Kama huna hela sema." Watu wakacheka. Na mimi, badala ya kuondoka, nikahesabu noti. Nilichonunua pale ni kile kicheko.

Wiki haikuisha. Natoka Mikindani, ringi ya mbele ikaanza tik, tik, tik, kila mzunguko. Nikashuka, nikakokota mpaka kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli za Phoenix chini ya mwembe. Kaboni hajawahi kuigusa. Akatoa sarafu ya mia mbili, akawa anagonga ringi taratibu, sikio karibu. Ting, ting, ting. Kufika kwenye tundu moja la spoki: pwa. Kama unagonga boga lililooza. Akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akafuta, na nta ikatoka. Chini yake ufa, mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu.

"Mwanangu, chuma kinapinda, unakiona. Hiki hakipindi, kinakatika nawe uko juu."

Akazibana spoki mbilimbili kwa vidole. Tatu zimelegea kabisa, na nati zake zimeota unga mweupe. Kazi yote hiyo dakika kumi. Kumi! Dakika ambazo yule bwana mdogo alininyima.

Nilirudi kwake. "Mzigo ukishatoka haurudi," huku anabonyeza simu. Hata kuniangalia hakuniangalia.

Kwa hiyo msiende. Labda alikuwa hajui kuhusu ule ufa, nimejaribu kumtetea hivyo usiku mmoja. Lakini nta ilijipaka yenyewe?

Ila niseme kweli. Ringi ya nyuma tuliigonga nzima, inaita mahali pote. Nimeifunga na ringi yangu ya zamani mbele, na habu yake, kile kitovu cha katikati, ukiisukuma inazunguka kimya mpaka unachoka kuitazama. Sijawahi kupanda kitu chepesi namna hii, na ndicho kinachoniuma zaidi: mali anayo.

Juzi nimesikia kashusha mzigo mwingine. Nimemwomba mzee twende wote. Kasema yeye nimlipie bodaboda tu, sarafu atakuja nayo.