Mafunzo ya wiki sita kuhusu vyanzo vya ukatili wa majumbani: tathmini ya mshiriki

Nilijiandikisha katika mafunzo haya, yanayotolewa kwa njia ya intaneti kwa washauri wa kujitolea, kwa sababu ya swali ambalo wanawake wanaokuja kuomba msaada huniuliza mara kwa mara: kwa nini ananipiga? Nimeyamaliza na ninayapendekeza, ingawa lipo somo moja linalopaswa kuandikwa upya.

Somo la tatu, linalohusu pombe, ndilo lililonigusa zaidi. Wengi wetu tulizoea kusema kwamba ni ulevi tu, na mwezeshaji hakutubishia. Alitusomea kisa cha mume anayerudi nyumbani amelewa, kisha akatutaka tuorodheshe kila mtu aliyekutana naye tangu alipotoka kazini: mwajiri aliyemkaripia, dereva, mwenye baa anayemdai, jirani aliyemtania mlangoni. Wote hao hawakuguswa. Aliyepigwa ni mkewe peke yake, tena mahali panapofunikwa na nguo. Niliitazama orodha ile kwa muda mrefu. Pombe huongeza hatari na ukali wa kipigo, hilo halina ubishi, lakini mtu anayechagua wa kumpiga na mahali pa kumpiga hajapoteza uwezo wa kujizuia. Anaamini kwamba ana haki ya kufanya hivyo.

Masomo yanayofuata yanaonyesha imani hiyo inavyolelewa: mtoto anayekua akishuhudia mama yake akipigwa, wazee wanaomrudisha binti kwa mumewe wakimsihi avumilie kwa ajili ya watoto, na sheria iliyoandikwa vizuri lakini isiyotekelezwa. Takwimu ni chache, na zimetumiwa kwa uangalifu. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 yanaonyesha kuwa takriban mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na sehemu kubwa ya ukatili huo hutoka kwa mume au mwenza.

Kasoro imo katika somo la tano, linalodai kwamba mwanamke akipata kipato chake, kipigo kitakoma. Kwa wengi kipato ni kinga kweli, hasa kwa kuwa humpa mwanamke njia ya kuondoka, lakini mume anayeona ukuu wake unatikiswa anaweza kuzidisha ukatili. Mwanamke mmoja niliyewahi kumsindikiza kutoa taarifa alianza kupigwa mwezi alipopokea mshahara wake wa kwanza, na hati ya malipo alikuwa akiificha ndani ya kiatu cha mtoto. Vilevile, somo hilo linagusia kwa aya moja tu kipindi cha kuachana, ambacho mara nyingi ndicho cha hatari kuliko vyote.

Kwa hiyo ninamshauri mshiriki mpya asilisome somo la tano akiwa peke yake, bali amuulize mwezeshaji namna ya kupanga usalama wa mwanamke kabla hajamshauri atafute kazi au aondoke.