Uzoefu wangu na fundi marumaru: sebule nyota tano, bafu nyota mbili

Kila mtu akiuliza fundi mzuri wa marumaru hapa Dar anajibiwa kwa picha. Sebule inang'aa, taa za jipsam zimewashwa, kazi imeisha. Na mimi picha ninazo, na hata ya bafu inapendeza. Ila bafu la kwenye picha huwa kavu, na kasoro ya bafu langu ilihitaji maji ndipo ijitokeze.

Nyumba yetu ipo Tabata, ya siku nyingi, sakafu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu kama nyumba nyingi za zamani. Tukaamua kuweka marumaru sebuleni, koridoni, jikoni na bafuni. Vifaa tulinunua wenyewe Kariakoo, vikaja na kirikuu. Fundi tulielekezwa na jirani, akaja na msaidizi wake. Ufundi tulikubaliana kwa mita ya mraba, nusu mwanzo, nusu kazi ikikamilika. Sitamtaja, kwa sababu mtu wa maana ni wa maana na ninataka aendelee kula.

Nianze na sifa zake, maana anazistahili. Sebuleni hakuanzia ukutani kama wanavyofanya wengi. Alivuta kamba katikati ya chumba, akapanga marumaru kavu kwanza bila gundi ili vipande vya kukata viangukie pembeni, vikiwa na upana unaolingana kulia na kushoto. Kila unganisho aliweka vile vimisalaba vya plastiki, na pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, haikumtoka mkononi. Viwango vya Uingereza vya kazi hii vinaruhusu tofauti ya milimita 3 ukilaza rula nyoofu ya mita 2 juu ya sakafu. Mimi nililaza ubao wa aluminiamu wa fundi madirisha, na mahali pengi kadi ya benki haikupita chini yake. Kwa ufundi huo nyota tano ni halali yake.

Halafu akaingia bafuni na pima maji ileile.

Alipomaliza aliniita nikague, naye anakusanya vifaa tayari kwa baki yake. Nikajaza ndoo ya lita 20, nikaimwaga palepale mtu anaposimama kuoga. Maji yalitandaa taratibu, yakatulia. Tundu la kutolea maji liko kona ya chooni, nalo likabaki kavu. Baada ya muda utando mwembamba ukaanza kutembea, lakini kwa upande wa mlango, ukafuata unganisho moja la grauti, ule ujiujiwa wa kuziba nafasi kati ya marumaru, mpaka kwenye kizingiti. Nikaweka gololi ya mwanangu karibu na tundu. Ikaja mlangoni.

Fundi akaangalia, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Dada, hapo ukimaliza kuoga unapiga deki kidogo tu, maji yanaelekea."

Mafundi wetu wana maneno yao. "Itakaa sawa ikikauka." "Grauti italificha hilo." "Ukiweka kapeti halionekani." Hili la kupiga deki lilikuwa jipya kwangu. Nimelipa mtu anijengee bafu, kumbe nimejinunulia na kazi ya kila asubuhi.

Baadaye nilielewa ilivyotokea. Sebuleni ubora ni usawa: kiputo cha pima maji kikikaa katikati, umefaulu. Bafuni huo usawa ndio kosa. Sakafu ya bafu inatakiwa ishuke kuelekea kwenye tundu, kwa kawaida sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita moja. Juu ya hapo, yeye ndiye aliyeshauri tuendelee na marumaru za sentimita 60 kwa 60 mpaka bafuni ili sakafu yote ifanane. Marumaru kubwa haipindi. Tundu likiwa kona, sakafu inabidi ishuke kutoka pande mbili kukutana hapo, na kipande cha 60 huwezi kukilaza hivyo bila kukikata mshazari. Yeye hakukata. Alilaza bafu kama anavyolaza sebule, na kizingiti kikawa chini kwa kama upana wa kidole.

Siku hiyo nikapitia nyumba nzima nikiwa na sarafu ya shilingi 200, nagonga kila kipande. Iliyoshika vizuri hutoa mlio mkavu, mfupi. Yenye uwazi chini yake inatoa mlio wa debe. Sebuleni nilikuta mbili kwenye kona nyuma ya kabati. Jikoni moja, karibu kabisa na mlango wa nyuma. Chanzo cha milio hii mara nyingi ni kuweka udongo, yaani mchanganyiko wa saruji, kwa mafungu, manne pembeni na moja katikati, badala ya kuutandaza wote kwa mwiko wa meno. Na marumaru ngumu zile za porselini zina tabia ya kutonyonya maji. Kiwango cha kimataifa kinataka zisinyonye zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Kwa hiyo saruji tupu iliyokorogwa kwa maji haina pa kung'ang'ania, ndiyo maana zinahitaji gundi yake maalumu. Hata ukiziloweka kwenye beseni usiku kucha kama zile za zamani, unazinyima usingizi bure.

Sasa ndipo uamuzi ulipokuwa mgumu. Kasoro iliyoniuma kuliko zote machoni ilikuwa koridoni: mstari wa unganisho unaotoka sebuleni umehama, unakutana na wa korido kwa kupishana kama nusu sentimita. Kila ninapopita nauona. Mume wangu akasema zivunjwe. Mimi nikakataa. Kubomoa marumaru iliyoshika ni nyundo na tindo, na kipande cha pembeni yake hupona kwa bahati. Ukipata za kubadilisha, lazima namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi ilingane, la sivyo rangi inatofautiana kidogo na kiraka kinaonekana kuliko kasoro yenyewe. Mstari uliopinda haumdhuru mtu. Tukauacha.

Mbili za nyuma ya kabati nazo nikaziacha, hakuna anayekanyaga pale. Ya jikoni nikaikataa, kwa sababu mtungi wa gesi unapita hapohapo ukiburutwa, na kipande chenye uwazi chini kikipigwa na kitu kizito hupasuka. Bafu sikuwa na mjadala nalo. Maji yakisimama yanatafuta njia kupitia grauti, yanaingia chini, ukuta wa koridoni unaanza kutoa chumvi na rangi kubanduka. Na sisi maji ya kisima yana chumvi yake tayari. Halafu mama yangu anakuja kukaa nasi, na nyonga zake si za kuteleza.

Baki haikuwa imetoka mfukoni, na hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa ya heshima. Kwenye mikataba mikubwa ya ujenzi mwenye mradi hushikilia asilimia 5 au 10 ya malipo mpaka kasoro zirekebishwe, na hakuna anayeona ni uonevu. Huku mtaani ukishikilia hela ya fundi unaitwa mkorofi. Shangazi alinipigia simu: "Mlipe kijana wa watu, anatafuta riziki." Nikamwambia shangazi, shikamoo, nitamlipa. Nikamlipa siku ileile ufundi wote wa sebule, korido na jiko, pamoja na ule mstari uliopinda, bila kukata hata mia. Nilichozuia ni cha bafu peke yake.

Hilo lilimlainisha. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, maana tayari alikuwa na saiti nyingine Goba inamsubiri. Tukabishana kuhusu vifaa tu: yeye anasema saruji ni ya bosi, mimi nasema saruji ya kwanza ilikuwa ya bosi. Tukamaliza hivi, marumaru mpya ninunue mimi, saruji na gundi zitoke kwenye baki yake, ufundi wa kurudia ni bure.

Alirudi baada ya kupigiwa simu za kutosha. Akavunja bafu lote, na chini ya vipande tukayaona yale mafungu ya udongo wazi, katikati yake kukiwa na unyevu tayari. Safari hii tulitumia za 30 kwa 30 zisizoteleza, ambazo zinafuata mteremko bila shida. Kabla ya kulaza kipande chochote nilimwomba asawazishe chini kwanza, aache pakauke, tukamwaga maji juu ya saruji tupu. Yakaenda kwenye tundu yenyewe. Sasa hivi bafu linakauka kabla sijamaliza kujifuta.

Kwa hiyo nyota mbili za bafu ni za raundi ya kwanza. Ya pili ningempa nne, moja nimeibakiza kwa sababu ya vumbi alilotuachia mpaka kwenye sufuria. Bei yake ni ya kawaida, hana makeke, halewi kazini, na simu anapokea ingawa si mara ya kwanza. Anayetaka sebule amchukue. Mwenye bafu akague mteremko saruji ikiwa bado tupu, maana marumaru zikishalala, kila neno unalosema lina gharama ya nyundo.

Nimeshampa choo cha nje cha wapangaji. Sharti langu ni kwamba maji yanamwagwa mbele yangu kabla ya marumaru. Amekubali, ila kwa sharti hilo ameongeza shilingi 1,000 kwa mita.