Oili ipi ununue kwa pikipiki inayoingiza petroli kwenye oili ya injini

Asubuhi moja nilichomoa kijiti cha kupimia oili cha pikipiki yangu ya cc 125, ambayo ilikuwa imelala uani huku koki ya mafuta ikiwa wazi, nikakuta oili imepanda kupita alama ya juu kwa karibu upana wa kidole, ilhali tangu nibadilishe oili sikuwa nimeongeza hata tone. Fundi wangu alikinusa kile kijiti, akakipangusia kwenye kipande cha boksi, kisha akasema, "Oili haizai." Doa lilikuwa na kiini cheusi, na pembezoni mwake likaendelea kutanda duara jepesi lenye harufu ya petroli. Oili niliyokuwa nimeweka siku chache kabla ilikuwa ya bei ya juu kuliko zote dukani, na yote ilibidi imwagwe.

Kwa sababu hiyo, mpangilio ufuatao haukufuata bei wala umaarufu wa chupa. Nimezipanga oili kwa kuangalia mambo mawili: zitailindaje injini pale petroli inapojipenyeza kwenye oili, jambo la kawaida kwa pikipiki za kabureta zilizokwisha kutumika sana, na je, mwenye pikipiki atakuwa tayari kuimwaga mapema bila roho kumuuma?

Petroli huingia kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni sindano ya boya la kabureta: ikilika au ikishikwa na uchafu haizibi tena, na koki ikiachwa wazi, petroli inateremka yenyewe kutoka kwenye tangi, inafurika kabureta, inaingia kwenye silinda na kuchuruzika kando ya ringi za pistoni hadi kwenye oili. Ya pili ni ya polepole: choki inayosahauliwa, mchanganyiko wenye petroli nyingi, na safari fupi ambazo haziipi injini nafasi ya kupata joto kamili. Injini ikichemka sawasawa, sehemu ya petroli hiyo na unyevu hugeuka mvuke, na mvuke huo hutoka kupitia mpira wa pumzi, ule unaotoka juu ya injini na kuingia kwenye boksi la ea klina ili uvutwe tena na kuunguzwa. Hapa pana mtego unaowasumbua hata mafundi wazoefu: kabureta ikishatengenezwa, plagi inaweza kuendelea kuwa nyeusi, kwa kuwa petroli iliyobaki ndani ya oili inarudi kwenye silinda kupitia mpira huohuo. Fundi anazungusha skrubu siku nzima, kumbe dawa ni kumwaga oili.

Nafasi ya kwanza naipa oili ya kawaida ya madini (inayotokana na mafuta ghafi), 20W-50 (daraja la uzito: 20W ni oili ikiwa baridi, 50 ikiwa moto), yenye alama ya ubora ya API ya Marekani, SJ, SL au ya juu zaidi, pamoja na alama ya JASO ya Japani, MA au MA2, katika chupa ya lita moja yenye lakiri. Sharti ni kwamba kitabu cha pikipiki kiwe kinaruhusu daraja hilo. Bajaj Boxer, ambayo imejaa vijiweni, ni mfano wa pikipiki za namna hiyo. Kwenye joto la nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya daraja la 50 inatakiwa kuwa na uzito usiopungua sentistoki 16.3 (kipimo cha ugumu wa oili kutiririka), wakati daraja la 40 linaanzia 12.5. Petroli ikiifanya nyepesi kidogo, bado inabaki na akiba. Hata hivyo, uzito huo si sababu yangu kuu. Sababu kuu ni kwamba bei yake inakuruhusu kuibadilisha mara tu unapohisi harufu, na oili safi ya kawaida inalinda injini kuliko oili bora iliyochanganyika na petroli. Alama ya JASO nayo si pambo. Kwenye pikipiki hizi, oili moja inalainisha injini, giaboksi na klachi inayoogelea humohumo. MA na MA2 maana yake ni kwamba oili imepimwa na kuonekana haitafanya klachi pleti ziteleze. MB ni kwa skuta zenye klachi kavu, na muuzaji akikuambia "zote ni sawa", hama duka.

Ya pili ni nusu-sintetiki (oili ya madini iliyochanganywa na sintetiki, yaani ya kutengenezwa kwa kemikali) 10W-40 yenye MA2. Inafaa zaidi kwa pikipiki ambayo kitabu chake kinataja daraja hilo, ambayo ringi zake bado zimeshika na ambayo kabureta yake haifuriki.

Sintetiki kamili naiweka ya tatu, na najua wapo watakaokasirika. Ni oili nzuri, na uvumi kwamba usintetiki wake ndio unaotelezesha klachi si kweli; kinachotelezesha ni viungo vya kupunguza msuguano, ambavyo vinaweza kuwemo hata kwenye oili ya madini. Lakini unachokilipia hasa ni uwezo wa kukaa muda mrefu kwenye joto kali, na uwezo huo hauna kazi kwenye injini inayonyweshwa petroli kila usiku.

Oili ya gari ya 20W-50 ni ya dharura tu, ukiwa mbali na duka la spea. Soma nusu ya chini ya duara la API: ukiona maneno "Resource Conserving", alama ya oili za kupunguza matumizi ya mafuta ambazo mara nyingi huwa na viungo hivyo vya kupunguza msuguano, irudishe rafuni. Dawa za kuongezea kwenye oili sizipi nafasi yoyote, na ya kupimiwa kutoka kwenye pipa usiiguse, hata kama unamfahamu muuzaji.

Tofauti ya bei kati ya oili ya kwanza na ya tatu ipeleke kwenye sindano mpya ya boya pamoja na kikalio chake, kisha kwenye mpira wa pumzi. Ukiununua mpira huo, chagua wa kustahimili oili na joto, wenye kipenyo cha ndani sawa na wa zamani. Plastiki laini inayopitisha mwanga hulegea, ikajikunja kwenye kona na kuziba njia. Presha ikikosa pa kutokea inasukuma oili kwenye sili, na mwenye pikipiki ananunua sili tatu mfululizo kabla ya kugundua kwamba kosa liko juu. Ukikuta utelezi mweupe kama maziwa kwenye kijibomba cha chini ya boksi la ea klina, huo ni unyevu uliochanganyika na oili. Umwage, na mara mojamoja safiri mbali kidogo.

Oili ikishapanda kupita alama, usiwashe pikipiki kwa nia ya "kuichoma" petroli hiyo. Imwage kwanza, na chujio la oili, kama lipo, libadilishwe au lisafishwe. Kisha weka kiasi kilichoandikwa kitabuni, funga koki kila unapolala, na baada ya siku mbili tatu nusa tena kijiti. Chupa tupu itoboe kwa msumari kabla ya kuitupa, kwa sababu wapo wanaozikusanya nzima, wakazijaza oili iliyotumika na kuzirudisha sokoni.