Tahadhari: "vyungu vya udongo" vinavyouzwa WhatsApp Kampala ni saruji iliyopakwa rangi

Ndugu mnaofuga maua ndani ya nyumba, hasa mlioko Kampala na Entebbe, kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp akinadi vyungu vya udongo wa kuchomwa. Picha zinavutia, bei iko chini kidogo ya wauza miche wa kando ya barabara. Sharti lake: hela yote itangulie kwa simu, kisha boda akuletee. Nilichofikishiwa mimi, na jirani yangu vilevile, ni saruji iliyopakwa rangi ya tofali. Tulipolalamika akasema "tofauti ni ndogo tu", kisha akatublok.

Tofauti si ndogo. Udongo uliochomwa una vinyweleo, hunyonya maji na kupitisha hewa, ndiyo maana mishubiri na kaktasi hustawi humo. Saruji mpya hutoa chokaa kila ukimwagilia, na mimea isiyopenda chokaa huanza kugeuka manjano kwenye majani machanga huku mishipa ikibaki kijani. (Saruji yenyewe haina ubaya ukiiloweka wiki kadhaa na kubadilisha maji, ila iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake!)

Kibaya zaidi, havina tundu chini. Ukiuliza, anakushauri uweke kokoto. Usimsikilize: maji hayakimbilii kwenye kokoto, yanabaki kwenye udongo ulio juu yake, na mizizi inaoza. Kwa mvua za Machi hadi Mei, udongo wa ndani ya nyumba haukauki upesi. Halafu anakusukumia kikubwa "usinunue tena mwakani". Mche mdogo kwenye chungu kikubwa huzungukwa na udongo wenye maji ambayo mizizi haiyamalizi. Upana wa chungu kipya uzidi wa kile cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5, basi.

Boda asiondoke kabla hujakagua. Kwaruza kitako kwa ufunguo: ukiona kijivu, ni saruji. Dondosha maji ubavuni: udongo halisi huyanywa na kuwa mweusi kidogo, rangi ya mafuta huyaacha yateleze. Tazama tundu.

Jina la duka hubadilika kila mara, lakini picha ni zilezile, vyungu vimepangwa kwenye ngazi nyeupe. Ukiziona, mwombe video ya kitako cha chungu, na umwambie utalipa mzigo ukifika.