Dawa ya kutu na rangi ya kuchanganyiwa kwa namba: fenda ya Probox yangu hapa Mbeya

Dawa ya kutu inafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu muuzaji pale Mwanjelwa aliinadi kwa maneno ambayo nusura yanifanye nitoke dukani mikono mitupu: "Mwalimu, we paka tu, kutu yenyewe inayeyuka." Haiyeyuki. Ukiipaka juu ya kutu iliyovimba na rangi inayobanduka, umetupa hela. Ukikwangua kwanza, kile kichupa kinastahili bei yake, na kwangu kimeshinda kazi ya fundi niliyemlipa mwaka juzi.

Gari ni Toyota Probox ya silva, ruti yake Uyole kwenda Tukuyu na kurudi. Anayeijua barabara ile anajua mvua za Rungwe, na anajua malori ya mpakani Kasumulu yanavyorusha kokoto. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima (tabaka la chini linaloshika bati) hadi klia (tabaka la juu lisilo na rangi), unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Kokoto ikishaidonoa hadi kwenye bati, maji na hewa vimepata njia. Halafu kutu haitulii ilipoanzia, inatambaa chini ya rangi nzima. Unaona kidoa cha ukubwa wa punje ya ulezi, ukikikwangua unakuta upana wa sarafu.

Yule fundi wa mwaka juzi alipiga msasa wa juu juu, akajaza pati, ile lipu ya kuziba mashimo ya bati, akapuliza rangi, gari likang'aa. Masika yaliyofuata fenda ikatoa malengelenge palepale. Pati inanyonya maji, na kutu iliyofukiwa chini yake inaendelea kula bati taratibu. Kama unanunua gari la mkononi, chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa, ipitishe kwenye fenda na milango. Penye pati nene haishiki.

Kabla ya kununua chochote nilibonyeza kila doa kwa ncha ya bisibisi. Bati likiwa gumu, kazi hiyo unaifanya mwenyewe nyumbani. Likibonyea au kutoboka, hapo ni kukata na kuchomelea, usidanganywe na chupa. Fenda na boneti vilifaulu, chini ya mlango wa nyuma pakafeli.

Msasa namba 80 niliukata vipande vidogo nikavizungushia kwenye kitako cha penseli, ili nile kutu tu bila kugusa rangi nzima ya pembeni. Sehemu hii inachosha, na ndiyo yenye kazi. Unakwangua hadi wekundu wote uliolegea uondoke, vibaki vidoa vyeusi vilivyozama kwenye vishimo vya bati. Halafu namba 240, halafu 400, hadi ukipitisha kidole kutoka kwenye rangi kuingia kwenye bati usihisi ngazi. Futa kwa kitambaa chenye tina (kile kimiminika cha kuzimulia rangi) kidogo, acha pakauke.

Dawa yenyewe ni maji meupe, mazito kiasi. Ikigusa kutu inageuka zambarau, kisha nyeusi. Ikigusa bati safi haibadiliki, kwa hiyo rangi yake inakuonyesha palipobaki kutu. Kinachofanya kazi mle ni tanini, jamii ileile iliyomo kwenye majani ya chai. Inashikana na kutu na kuwa tabaka jeusi lisilotafuna bati tena. (Watu wa Tukuyu, msiende kuchemsha chai mkapaka gari, nguvu haitoshi.) Zipo pia dawa za asidi ya fosforasi, na baadhi zinataka kusuuzwa kwa maji, kwa hiyo soma maelezo ya kopo.

Yangu iliandikwa isubiri saa 24 kabla ya praima, na isitumike kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10. Kwa Mbeya sharti hilo si dogo. Usiku wa Juni na Julai baridi inashuka chini ya hapo bila shida. Nilingoja Septemba, nikapuliza kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Ukipuliza hewa ikiwa na unyevu mwingi, rangi inaweza kukauka na utando mweupe juu yake.

Rangi nilichanganyiwa kwa namba. Kwenye Toyota namba ya rangi itafute kwenye kibati cha ndani ya boneti au nguzo ya mlango, palipoandikwa C/TR. Yangu ni 1F7. Rangi ilikubali, lakini silva ina chenga za alumini, na ukiipaka kwa brashi zinalala ovyo, kidoa kinaonekana cheusi zaidi kuliko kilichopulizwa. Brashi niliiachia vidoa vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, vingine nilipuliza matabaka membamba. Wenye gari jeupe la namba 040 wana raha, rangi yao haina chenga. Ukisimama mbali kidogo hujui kilichofanyika. Ukichuchumaa juani unaona, na mimi sina neno.

Klia ya kopo ndiyo iliyonikera. Inang'aa vizuri, ila haivumilii petroli, inalainika. Usiitumie karibu na mdomo wa tenki.

Dawa, rangi, praima, klia na misasa vilinigharimu kama shilingi 70,000. Fundi aliyekuwa nafuu kuliko wote alitaka 100,000 kwa fenda peke yake, tena kwa pati.

Ule mlango uliofeli nimempelekea mchomeleaji kule Iyunga. Chanzo chake si kokoto: matundu ya kutolea maji chini ya mlango yalikuwa yamezibwa na udongo, kila mvua maji yanalala mle ndani. Matundu ya milango mingine nimeyazibua kwa waya wa hanga. Kwenye huu tumeelewana apulizie nta ndani akimaliza kuchomelea, na asishike pati kabla sijaliona bati kwa macho yangu.