Nimelipia kuoneshwa Leopoldsreut, nikaambiwa hakuna cha kuona

Jamani, mkienda Msitu wa Bavaria, kule Ujerumani mpakani na Ucheki, mkakuta tangazo la matembezi ya "kijiji kilichopotea" cha Leopoldsreut, nisomeni kwanza kabla hamjatoa euro zenu.

Tumefika, tumetweta, mlima wenyewe unapita mita 1,100. Sijamaliza hata kufunga zipu ya koti, mwongozaji anatangaza: "Ndiyo hapa. Hakuna cha kuona, ni kanisa na shule tu. Dakika kumi na tano." Nikamuuliza, kwa heshima zote, watu wa hapa walihamaje. Akanitazama juu mpaka chini, akasema hotelini mapokezi kuna kijitabu. Kijitabu! Kisha huyo, kwenye benchi, sigara mdomoni, simu mkononi. Kila akivuta pafu moja anagonga kioo cha saa yake kutukumbusha muda.

Hakuna cha kuona? Mahali hapa palianzishwa mwaka 1618 na Leopold, askofu wa mji wa Passau aliyekuwa pia mtawala wa nchi yake, ndiyo maana pakaitwa kwa jina lake. Mwaka huohuo, ng'ambo tu ya mpaka, Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, ilikuwa inalipuka kwa vita ambavyo vingedumu miaka 30. Watu hawakupandishwa kwenye baridi ile kwa starehe. Walikuwa walinzi wa njia ya chumvi, ile wanayoiita Goldener Steig, yaani Njia ya Dhahabu. Chumvi ilitoka Passau kwa misafara ya wanyama wa mizigo mpaka mji wa Prachatice kule Bohemia, na wachukuzi wakirudi na nafaka. Sisi tuliokua tukisimuliwa misafara ya Bagamoyo hatuhitaji kuchorewa ramani: njia ikiwa na mali, lazima pawe na watu wa kuilinda, na njia ikifa, wale watu wanabaki na nini?

Walibaki na theluji. Majira ya baridi marefu, ardhi isiyotoa mavuno ya maana, vijana wakishuka mabondeni mmoja mmoja. Mwaka 1962 wa mwisho wakaondoka. Nyumba zikabomolewa, mashamba yakapandwa misonobari. Kwa hiyo msitu unaoupiga picha ukidhani ni wa tangu enzi, sehemu yake ni mdogo kuliko mama yangu! Hilo ndilo nililotaka mtu anisimulie palepale, nikiwa nimeshika gome la mti uliosimama palipokuwa shamba la mtu. Nimekuja kulisoma mwenyewe usiku, kitandani, miguu ikiwaka moto.

Kanisa ni la Mtakatifu Yohane Nepomuk, ambaye masimulizi yanasema alitupwa mtoni Prague kwa kukataa kutoa siri ya maungamo. Nadhani mwongozaji wetu anamfuata huyo, maana kutoa neno kwake ni dhambi.

Lakini nisiwe mchoyo wa haki. Basi lilikuwa safi, dereva mwungwana, na kwenye kundi alikuwapo bibi mmoja wa vijiji vya jirani aliyenishika mkono akanizungusha kanisa lote, akinieleza kwa Kijerumani cha polepole ili nisiachwe nyuma. Bila yeye ningelia. Na mahali penyewe, wallahi, nendeni. Njia ya kutoka kijiji jirani cha Haidmühle ina vibao, hamhitaji kumlipa mtu. Shule iliyobaki peke yake katikati ya miti, bila nyumba hata moja ya kutoa mtoto, ile peke yake inatosha safari.

Basi nikaandika nyota mbili. Nikafikiria yule bibi, nikaongeza ya tatu. Halafu nikakumbuka kwamba tulipokaribia kituo, yule bwana wa "hakuna cha kuona" alipita kiti kwa kiti akizungusha kofia ya bakshishi, na mbele yangu akasimama mpaka nikatoa. Nyota moja. Na hiyo ni ya dereva.