Mbio za baiskeli Moshi hadi Marangu, kundi la wazee: saa waliifungasha kabla hatujafika

Nianze na hukumu ili asiye na muda asihangaike kusoma yote: nyota mbili kati ya tano. Hizo mbili ni za barabara na za watu waliotupa maji njiani. Waandaaji hawana yao humo.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, mkazi wa Moshi. Baiskeli ya mashindano nilianza kuiendesha ukubwani, watoto walipokwisha kuondoka nyumbani. Tuko kikundi cha watu wa makamo, tunatoka alfajiri kabla malori hayajaanza kupita, na tunafanya mazoezi kwelikweli. Kwa hiyo mwaka jana, masika yalipokatika, tulipoona tangazo la mbio zenye kundi letu, tulifurahi mno. Tangazo liliorodhesha vijana, wakubwa, wanawake, na mwisho kabisa "Wazee, miaka 50 na kuendelea". Chini yake kwa herufi nene: kila mshiriki atapimiwa muda.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonitoa pesa. Ada ilikuwa ileile ya vijana, shilingi kwa shilingi, nami sikulalamika, maana niliamini tunanunua kitu kimoja.

Njia yenyewe naisifu na nitaendelea kuisifu. Mnatoka mjini, mnaipita Kiboriloni, mnaipita Uchira, upepo wa uwanda unawapiga bila huruma mpaka Himo. Hapo mnakata kushoto na mlima unaanza. Lami inapanda katikati ya migomba na kahawa, baridi inaongezeka kidogo kidogo, mpaka Marangu Mtoni, kisha mnageuza na kurudi mlikotoka. Anayetaka kujua umbali na miinuko atazame ramani. Mimi nasema tu kwamba ile njia inamfaa mtu wa umri wetu, kwa sababu haimalizwi kwa mbio za ghafla. Mtu akivuka hamsini nguvu ya kuchomoka ndiyo inayotangulia kupungua, lakini uvumilivu hubaki muda mrefu. Panda Marangu na mwendo wako uliouzoea, usimfuate mtu, utashangaa unavyowaokota waliokupita Himo.

Himo penyewe walisimamia vizuri, lazima niseme. Pale njia panda pana mabasi, bajaji, bodaboda na malori yanayotoka Holili, na bado tulikatiza bila kusukumwa na gari. Vijana wa bendera walijua kazi yao. Kama mbio zingeishia Himo ningewapa nyota tano na kuwaombea baraka.

Sasa sikilizeni. Sisi wazee tulitolewa wa mwisho. Vijana kwanza, kisha wakubwa, kisha wanawake, sisi tukafuata baada ya wote kupotelea mbele. Sina ugomvi na hilo, ndivyo inavyofanyika ili watu wasigongane. Lakini anayemtoa mtu wa mwisho anajua kwamba atafika wa mwisho. Hilo halihitaji hesabu.

Dalili ya kwanza niliipata mlimani. Nilikuwa nimekwisha kupata pumzi yangu, gia imekaa, miguu inazunguka sawasawa, na wakati huohuo nilikuwa nampita mwanamume mmoja wa kundi letu. Ikaja pikipiki ya waandaaji, kijana amevaa fulana yao, akapunguza mwendo akawa sambamba nami. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, kwa shida, maana mlima haukuruhusu maneno. Akasema, "Mama, gari la nyuma lina nafasi. Panda tu, usijiumize bure."

Nilimtazama. Sikuwa ninayumba, sikuwa nimeshuka kusukuma, sikuwa nimeomba msaada. Nilikuwa ninampita mtu! Nikamwambia, "Mwanangu, nenda kawaangalie waliokaa chini." Akaondoka huku akitikisa kichwa, na moshi wake wote akaniachia mimi.

Hata hivyo nilimsamehe pale pale. Huenda ana mama yake nyumbani anayeumwa magoti, akamwona yeye ndani yangu. Nilifika Marangu Mtoni nina furaha, nikapewa maji na ndizi na kina mama waliokuwa pale kando ya barabara wakipiga vigelegele, nikageuza.

Kurudi ndiko kulikokuwa kutamu zaidi. Tulijikuta watatu: mimi, mzee mmoja wa Arusha wa miaka sitini na ushee, na baba mwingine ambaye huwa tunaonana njiani lakini hatujawahi kuzungumza. Kuanzia Himo upepo ulitukamata usoni. Hakuna aliyetoa amri. Mzee akashika mbele, sisi tukajificha nyuma yake, tairi langu la mbele karibu ligusane na lake la nyuma. Akichoka anatikisa kiwiko cha kulia, anajitoa pembeni, anajiachia mpaka nyuma, wa pili anaupokea upepo. Tukaenda hivyo mpaka Uchira, kila mtu na zamu yake, bila kukwepa. Shingo ya yule mzee ilikuwa imeganda chumvi ya jasho, mistari myeupe mpaka kwenye ukosi wa jezi, na kila alipopokea zamu mwendo haukushuka hata kidogo. Nilimheshimu mtu yule kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Tulipoiona bendera ya mwisho ushirika ukaisha. Ndiyo mbio. Mzee akachomoka kwanza, baba yule akamfuata, mimi nikasubiri nyuma ya upepo wao mpaka mita za mwisho, ndipo nikatoka. Yule baba nilimpita kwa tairi. Mzee alitutangulia wote wawili.

Nikainua uso kuitafuta saa.

Saa haikuwapo. Ile saa kubwa ya namba nyekundu tuliyoiona asubuhi ilikuwa chini, kwenye boksi lake, kijana amepiga magoti anaviringisha waya. Lango la kumalizia lilikuwa limetolewa upepo, limelala barabarani, tukalizunguka pembeni ili tusilikanyage. Meza ya wapima muda ilikuwa imekunjwa miguu. Mshereheshaji pekee ndiye alikuwa na kipaza sauti bado, akatangaza, "Na hawa ni wazazi wetu, tuwapigie makofi!" Watu wakapiga makofi. Wengine wakaja kutushika mikono.

Sikuja kupigiwa makofi. Nilimfuata aliyekuwa na karatasi na kalamu, mtu mzima, si mtoto, nikamuuliza, "Muda wetu uko wapi?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari ya nchi nyingine. Akasema, "Mama yangu, ninyi kufika tu ndiyo ushindi."

Nikamuuliza tena, taratibu, kati yangu na huyu baba ni nani katangulia. Akasema, "Andika yeyote, hakuna shida." Na mzee wa Arusha? "Wote tunawaweka pamoja."

Niliwaza nimwambie mengi. Nilishika usukani nikanyamaza, kwa sababu mikono ilikuwa inanitetemeka. Muda wa kufunga njia, kwa maandishi yao wenyewe, ulikuwa bado kabisa. Hatukuchelewa. Walichoka kutusubiri.

Matokeo yakatumwa kwa simu siku chache baadaye. Vijana: saa, dakika, sekunde. Wanawake: saa, dakika, sekunde. Halafu ukurasa wa mwisho: "Wazee – wamemaliza". Chini yake majina yetu, yamepangwa kwa alfabeti. Kwa alfabeti! Yule mzee aliyetutangulia jina lake linaanza na T, kwa hiyo amekaa chini kabisa, chini ya mtu aliyepanda gari Himo. Nimeona kwa macho yangu yule mtu akipakia baiskeli yake. Naye "amemaliza".

Hapo nyota zangu mbili zikaanza kuniuma. Nataka kuzirudisha.

Kuna atakayeniambia saa ya mkononi ninayo. Ninayo, na inaniambia dakika zangu vizuri tu. Haijui nilimpita nani wala nani kanipita. Mazoezi najipimia mwenyewe kila wiki bure. Mashindano nalipia ili mtu asiyenijua, asiyenihurumia wala kunichukia, akae mezani aandike kilichotokea. Akiondoka huyo, nimelipa ada ya matembezi.

Na wasiniambie kwamba kwa watu wa umri wetu sekunde hazina maana. Mwaka 2012 Mfaransa Robert Marchand, ana miaka 100, aliendesha saa nzima kwenye uwanja wa Aigle kule Uswisi, wakampimia: kilomita 24.251. Mwaka 2014 akajaribu tena, safari hii kwao Ufaransa, sasa ana miaka 102, akapata kilomita 26.927. Alikuwa ameongeza mwendo! Ulimwengu usingejua, na yeye mwenyewe asingejua, kama mara ya kwanza wangemwambia kufika ndiyo ushindi. Januari 2017 akiwa na miaka 105 alipanda tena, wakafungua kundi la umri wake, akapata kilomita 22.547. Na aliposhuka alilalamika! Alisema hakukiona kibao cha kumwonyesha kwamba zimebaki dakika kumi, la sivyo angekwenda kasi zaidi. Miaka 105, na anadai dakika zake kumi. Ninamwelewa mtu yule mpaka mifupani.

Kwa sisi wanawake nitamtaja Jeannie Longo, naye wa Ufaransa. Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alikuwa na miaka 49, akamaliza wa nne katika mbio za kila mtu peke yake dhidi ya saa. Alikosa medali ya shaba kwa sekunde zisizotimia mbili. Na Rio mwaka 2016 Kristin Armstrong wa Marekani alichukua dhahabu, kesho yake anatimiza miaka 43, kwa tofauti ya sekunde tano na kidogo. Huko hawapangi kwa alfabeti. Hata sisi tusio wa Olimpiki, katika mashindano ya dunia ya Gran Fondo, yaani mbio ndefu za barabarani za watu wa kawaida, yanayosimamiwa na UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, watu wanagawanywa kwa umri, mara nyingi miaka mitano mitano, wanaume na wanawake mbali, na mshindi wa kila kundi anavikwa jezi ya mistari ya upinde wa mvua. Huwezi kumvika mtu jezi ile kama hujui nani alifika kwanza.

Msidhani nataka mambo makubwa ya Ulaya. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalikuja Kigali, mara ya kwanza Afrika, hapa hapa kwa jirani. Tunajua kuandaa. Na kilichokosekana Moshi hakikuhitaji fedha. Kilihitaji mtu mmoja, kiti kimoja, na saa ambayo ilikuwa tayari imekodiwa na ipo pale.

Nilipiga simu. Dada aliyepokea alikuwa mpole mpaka nilipotaja kundi letu. Akasema, "Mama, wazee wengine wote wameshukuru, ni wewe tu." Si kweli. Mzee wa Arusha aliniambia kwamba naye alipiga, na akajibiwa hivyo hivyo. Basi wakajitolea kunirudishia ada. Nikakataa. Sikutaka pesa, nilitaka waandike kwamba mwenye T ndiye wa kwanza kati yetu watatu. Dada akasema ataliwasilisha. Mpaka leo karatasi iko vilevile.

Kwa hiyo nyota moja. Ningesema sifuri, lakini kina mama wa Marangu Mtoni na vijana wa bendera pale Himo hawakunikosea chochote, na si haki niwazike pamoja na wenye meza.

Nimeandika juu kabisa nyota mbili, naona. Ziacheni hivyo, nitamwachia msomaji achague. Nikiikumbuka ile zamu ya Uchira, watatu tukipokezana upepo, natoa mbili. Nikiifungua ile karatasi, moja.

Kuhusu kurudi: wiki zile za kwanza niliapa sirudi. Kikundi chetu chote kiliapa. Sasa wametangaza nyingine, njia ileile, na mzee wa Arusha ameshaniuliza mara mbili kama nitakwenda, maana anasema bila mimi upepo wa Himo utamshinda, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Ninataka kwenda. Miguu iko vizuri kuliko mwaka jana.

Usajili ukifunguliwa nitampigia dada yule yule, na nitamuuliza swali moja tu: saa inaondolewa mezani saa ngapi? Akinitajia saa, nitakata simu. Akiniambia "akifika wa mwisho", na akaniandikia ujumbe wenye maneno hayo, nitalipa siku hiyohiyo, na ya mzee nitamlipia.